Kabla ya Punguzo, Omba Mchanganuo: Kupatana Bei ya Pikapu Mpya

Mada kwa semina ya ununuzi ya viongozi wa vyama vya ushirika na wafanyabiashara wadogo

1. Utangulizi



Chama kinaweza kukaa miaka mingi bila kununua pikapu mpya, ilhali muuzaji anayeketi upande wa pili wa meza anauza wiki hadi wiki. Ndiyo maana mazungumzo mengi huishia kwenye "bosi, tupunguzie kidogo". Muuzaji hukuna kichwa, akatoa punguzo dogo alilolitenga tangu asubuhi, na kamati ikarudi nyumbani imeridhika. Mada hii ina hoja moja: tuombe kwanza mchanganuo wa bei, ndipo tuzungumzie punguzo.

2. Bei inajengwaje

Gari likifika bandarini Dar es Salaam, hesabu ya kodi huanzia kwenye thamani yake pamoja na bima na gharama ya kusafirishwa. Kwa viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, pikapu iliyokuja imeundwa kamili hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu ya jumla hiyo huwekwa VAT ya asilimia 18. Kila shilingi 100 ya thamani huwa 125, kisha 147.50, kabla ya tozo nyingine, gharama za wakala anayetuuzia gari na faida yake.

Wakala hana mamlaka ya kupunguza kodi. Punguzo hutoka kwenye faida yake, kwa hiyo anayedai ashushiwe nusu ya bei anajitangaza kuwa mgeni.

Lakini asili ya gari inaweza kubadili hesabu. Toyota Hilux huundwa Durban na Ford Ranger huundwa Pretoria, ingawa zote mbili huundwa Thailand pia. Tanzania ni mwanachama wa SADC, na bidhaa yenye cheti cha asili kilichotimiza masharti inaweza kupata nafuu ya ushuru. Ushuru ukiondoka wote, ile 147.50 hushuka hadi 118. Basi tuulize: "Gari hili limeundwa wapi, na limelipiwa ushuru kiasi gani?" Tuombe jibu kwa maandishi.

Aliyesajiliwa kwa VAT aonane na mhasibu wake kabla ya kuchagua kati ya singo kebini na dabo kebini. Sheria hubana madai ya kodi ya manunuzi kwa magari ya abiria, na viti vya nyuma vinaweza kuzua ubishi.

3. Penye nafasi ya kupatana

Kwa gari jipya, chapa moja mara nyingi ina wakala mmoja rasmi, kwa hiyo ushindani wa kweli uko kati ya chapa na chapa. Tukusanye profoma zisizopungua tatu, kwa mfano za Hilux, Isuzu D-Max na Ranger, zenye sifa zinazolingana: kebini, injini, gia, 4x4 au la.

Tuulize pia juu ya gari lililokaa muda mrefu yadini au toleo linalokaribia kubadilishwa. Hapo wakala ana sababu yake mwenyewe ya kuuza. Vyama viwili au vitatu vinavyohitaji gari la aina moja viende pamoja.

Fedha ikigoma kushuka, tuhamie kwenye vitu: sevisi za mwanzo, turubali, bampa ya chuma, usajili, kulifikisha gari wilayani. Wakala huvipata kwa gharama iliyo chini ya bei anayotuuzia, hivyo hulegea upesi zaidi. Tuchukue tunavyovihitaji tu.

4. Mitego

Rejesho la mwezi. Muuzaji akisema, "Nitawashushia kutoka milioni 2.7 hadi 2.2," tuulize ni miezi mingapi. Milioni 2.7 kwa miezi 36 ni milioni 97.2, milioni 2.2 kwa miezi 48 ni milioni 105.6. Tumepewa nafuu inayotugharimu milioni 8.4. Tupatane kwanza bei kamili ya gari, mkopo uje baadaye.

Dola. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Profoma iwe ya shilingi na ioneshe tarehe ya mwisho ya bei hiyo.

Gari la zamani. Kama tunalitoa kama sehemu ya malipo, bei yake ijadiliwe peke yake, la sivyo punguzo la huku litafidiwa kule.

5. Nidhamu ya kamati

Waende watu wawili au zaidi, na asiwepo mwenye ruhusa ya kukubali siku hiyohiyo. Malipo yapite benki, na risiti ya EFD ioneshe kiasi kilekile kilicholipwa. Muuzaji akimwahidi kiongozi "asante" yake, hilo ni punguzo la wanachama lililobadilishwa mfuko. Liandikwe kwenye muhtasari, lirudi kwenye bei.

6. Maswali ya mjadala

a) Profoma za ununuzi wetu uliopita zilionesha kodi, gharama na huduma kila moja peke yake?
b) Ni chama gani jirani tunachoweza kununua nacho pamoja?
c) Kamati ipewe kikomo gani cha bei, na nani aruhusiwe kukijua kabla ya mazungumzo?