Mpira wa Matambara na Mgongo wa Mkata Mkonge

Ukipita Korogwe asubuhi na mapema, upande wa Ngombezi au Hale, utawakuta wakata mkonge wamekwisha kuanza kazi. Zao hili lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Mashine za kusindika zipo, lakini jani bado hukatwa kwa mkono, na mwenye mkono huo ameinama tangu jua halijachomoza. Kule Handeni ni mama aliyebeba ndoo za maji miaka nenda miaka rudi, shingo imekuwa ngumu kama gogo.

Jioni wengi hukimbilia vidonge vya diklofenaki vya dukani. Kumeza siku moja moja si ajabu. Kumeza kila siku bila kumwona daktari, tena tumbo likiwa tupu, ni jambo jingine: dawa hii huchubua tumbo hadi likatoka damu, na huweza kuharibu figo. Wengine huenda kwa mkandaji. Huyo namheshimu sana, ila hapatikani kila jioni, na mikono yake ina bei.

Yupo mkandaji mwingine, naye ni mpira. Usicheke, msikilizaji. Wa tenisi unafaa, lakini hata ule wa matambara wanaoufunga watoto kwa kamba ya katani unatosha, mradi uwe mdogo kama chungwa na umekazwa barabara. Simama uupe ukuta mgongo. Uweke mpira kati ya ukuta na nyama iliyo kando ya uti wa mgongo, kisha kunja magoti polepole ili mpira upande na kushuka. Ukifika penye kidonda cha ndani, tulia hapo kwa nusu dakika hivi huku ukipumua taratibu. Maumivu yawe yale ya kusema "hapo hapo", si ya kung'ata meno. Kwa nyayo, kaa kwenye kigoda uukanyage mpira ukiuzungusha.

Mimi nilianza kwa pupa. Nililalia mpira mgumu sakafuni, tena juu ya mfupa wenyewe wa uti, nikashindwa kuinama siku mbili. Mfupa haukandwi. Wala usibonyeze shingo kwa mbele.

Kinachotokea si kuvunja mafundo, kama tunavyopenda kusema. Mgandamizo hutuliza mishipa ya fahamu, na msuli uliokaza hulegea kidogo. Nafuu hiyo huja na kwenda. Kesho ukiinama tena kutwa nzima, itabidi urudi ukutani. Mwajiri anayempa mkata mkonge nafasi ya kunyoosha mgongo mara kadhaa kwa siku amefanya kazi kubwa kuliko mpira wowote.

Zipo pia dalili zisizo za mpira. Miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, maumivu yakija na homa au baada ya kuanguka, au ndama ya mguu mmoja ikivimba na kuuma, weka mpira chini uende hospitali siku hiyo hiyo, iwe Magunga pale Korogwe au ya wilaya Handeni.

Kwa uchovu wa kawaida, dakika tano kabla ya kulala zinatosha, kisha mrudishie mtoto mpira wake.