Kidonge cha Vitamini C na Mfungaji: Kiasi Gani Chatosha?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na familia baada ya swala ya Alasiri)



 Mimi nasomea famasia, bado sijahitimu, na leo nazungumzia kitu kidogo: kile kidonge cha rangi ya chungwa kinachotiwa ndani ya glasi ya maji kikatoa povu. Kila Ramadhani kinaingia mezani, na tangu korona ya 2020 ndio kimezidi.

Hosteli tulikuwa na mwenzetu akinywa vitatu kwa mpigo wakati wa daku, kila kimoja miligramu 1000, ati nguvu zimfikishe Magharibi. Kufika saa nne asubuhi tumbo lamkata, aendesha, maji yote ya daku yamtoka. Siku ile ikabidi afungue. Na hizo nguvu alizozitafuta hazimo mle! Vitamini C mwili wauhitaji, lakini si chakula cha kushibisha wala kutia nguvu za kutwa.

Sasa, mwili wataka kiasi gani? Mwanamume mzima miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75, mjamzito 85, anayenyonyesha 120. Mvuta sigara huongezewa 35, ingawa mwezi huu ni bora aiache sigara yenyewe. Pigeni hesabu: kidonge kimoja cha 1000 ni zaidi ya mara 11 ya haja ya mwanamume. Na mwili hauweki akiba kubwa. Kwa kiasi cha kawaida cha chakula, hufyonza asilimia 70 hadi 90; ukipita gramu moja kwa siku, hufyonza chini ya nusu. Inayobaki huvuta maji matumboni, ndipo mtu akaendesha. Iliyofyonzwa ikazidi, hutoka na mkojo. Pesa zako hizo wazimwaga chooni.

Kama ingekuwa ni pesa tu nisingewachosha. Lakini sehemu ya vitamini C hugeuka oksaleti, nayo ikikutana na kalisi kwenye mkojo mzito huweza kuganda ikawa jiwe la figo. Na mkojo wa nani ulio mzito kama wa mfungaji, tena kwa joto hili la Pwani? Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Sweden uliofuatilia wanaume zaidi ya 23,000 kwa miaka 11. Waliotumia vidonge vya vitamini C walipata mawe ya figo karibu maradufu ya wasiotumia. Hilo pekee halithibitishi kuwa kidonge ndicho kilicholeta jiwe, lakini mtu aliyewahi kuumwa na jiwe hahitaji ushahidi zaidi ili ajihadhari. Yeye, na mwenye figo dhaifu, wasiguse dozi kubwa bila daktari.

Wako na wengine. Kuna watu damu yao ina upungufu wa kitu kiitwacho G6PD, jambo linaloonekana sana nchi za malaria, yetu ikiwemo. Dozi kubwa mno zaweza kuvunja chembe zao za damu. Wanaoongezewa damu mara kwa mara huwa na chuma kingi mwilini, na vitamini hii huzidisha kufyonzwa kwake. Mwenye presha asome pakiti, kwani vile vya kutoa povu vingi vina sodiamu, yaani chumvi ileile aliyokatazwa. Na mwenye sukari anayefunga kwa ruhusa ya daktari ajue kwamba dozi kubwa zaweza kudanganya baadhi ya mashine za kupimia sukari. Mashine ikasema sukari iko sawa, kumbe imeshuka!

“Lakini yazuia mafua!” Kwa watu wa kawaida haizuii. Wanaoitumia kila siku mafua yao hupungua muda kwa kama asilimia 8 hivi, yaani mafua ya wiki yapungua nusu siku. Ukianza kunywa baada ya pua kuanza kuchuruzika, faida haijathibitika.

Kikomo cha mtu mzima ni miligramu 2000 kwa siku, na hicho ni kikomo, si lengo. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 kikomo chake ni 400. Wa miaka 4 hadi 8 ni 650. Kina mama, hivi vidonge vitamu kama peremende viwekwe juu kabatini.

Tena futari yetu yatosha. Chungwa moja la kadiri lina kama miligramu 70, na pera lashinda chungwa kwa mbali. Papai pia, na kachumbari mbichi yenye pilipili hoho. Msipimie ukali wa ulimi: ukwaju ni mkali lakini vitamini C yake ni kidogo sana, na tende karibu haina. Kamueni ndimu juu ya kunde au mbaazi, chuma chake kitaingia vizuri. Chai ingoje saa moja.

Anayetaka kidonge lazima, aulize kemisti kile cha miligramu 100 au 200, akinywe baada ya kufuturu pamoja na chakula, kisha maji ayagawe kidogo kidogo mpaka daku. Na yule kijana aliyeniuliza kuhusu vile vya kumumunya mchana: ukikimumunya ukameza, umefungua.