Picha Kwanza, Mionzi Baadaye

Mwanamke wa Haydom au Dongobesh wilayani Mbulu, au wa Katesh wilayani Hanang, mkoani Manyara, anayeambiwa kwamba saratani yake ya shingo ya kizazi inahitaji tiba ya mionzi huanza safari ndefu. Kwa miaka mingi tiba hiyo ilipatikana mahali pamoja tu nchini, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Baadaye Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ikaanza kuitoa. Akishafika huko, mgonjwa hutarajia kuingizwa kwenye mashine siku hiyohiyo. Badala yake hupigwa picha, akasubiri, pengine akapigwa nyingine. Ndugu waliomsindikiza huanza kunung'unika, na nauli ya kurudi inazidi kuyeyuka. Kipindi cha leo kinaeleza kwa nini siku hizo hazipotei bure.

Mionzi huua seli za saratani, lakini huumiza pia seli nzima zilizo njiani. Shingo ya kizazi imebanwa: mbele yake kuna kibofu cha mkojo, nyuma yake kuna njia ya haja kubwa. Mionzi ikizidi huko, mgonjwa anaweza kukojoa damu, kutoka damu wakati wa haja, au kupata tundu linalovujisha mkojo miezi mingi baada ya kupona. Ikipungua kwenye uvimbe, saratani hurudi. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari ni hili: uvimbe unaanzia wapi na unaishia wapi?

CT-scan hujibu sehemu ya swali hilo. Huonyesha mifupa vizuri, na humpa mtaalamu wa fizikia tiba vipimo vya msongamano wa mwili ambavyo kompyuta huvitumia kukokotoa kiasi cha mionzi kitakachofika kila mahali. Udhaifu wake uko kwenye nyama laini. Uvimbe wa shingo ya kizazi na misuli ya mji wa mimba hutokea na rangi ya kijivu inayofanana, na mpaka kati yao hupotea.

Hapo ndipo MRI inapohitajika. Mashine hii haitumii mionzi kabisa. Ina sumaku kubwa, na nyingi kati ya zinazotumika hospitalini zina nguvu ya tesla 1.5, takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Sumaku hiyo, ikisaidiwa na mawimbi ya redio, huzifanya chembe za haidrojeni zilizo kwenye maji na mafuta ya mwili zitoe ishara, na kompyuta huzigeuza ishara hizo kuwa picha. Nyama ya saratani na nyama nzima hutoa ishara tofauti, basi mpaka unaonekana. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi iliyozaa kipimo hiki. Wapangaji wa tiba huilaza picha ya MRI juu ya ile ya CT-scan kwenye kompyuta: moja inaonyesha adui alipo, nyingine inasaidia kukokotoa dozi.

Matokeo ya kupanga tiba kwa MRI yamepimwa. Kwa kawaida mgonjwa hupata mionzi ya nje kwa takriban wiki tano, kisha mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huwekwa karibu kabisa na uvimbe. Utafiti wa kimataifa uitwao EMBRACE uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,300 ambao mionzi yao ya ndani ilipangwa kwa MRI. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba, baada ya miaka mitano, saratani ilikuwa imedhibitiwa pale ilipoanzia kwa wagonjwa 92 katika kila 100. Hayo ni mafanikio makubwa, hasa kwa kuwa wengi wao hawakufika wakiwa na uvimbe mdogo.

Mbulu ina sababu yake nyingine ya kujali picha nzuri, nayo ni minyoo tegu ya nguruwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya hiyo, na zaidi ya 17 katika kila 100 walikuwa na malengelenge ya minyoo kwenye ulimi. Binadamu akimeza mayai ya minyoo hiyo, malengelenge huweza kuota kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo kivimbe kichwani mwa mtu wa Mbulu si lazima kiwe saratani. MRI huweza kuonyesha hata kichwa cha mnyoo ndani ya lengelenge, na mtu wa namna hiyo anahitaji dawa za minyoo na za kifafa chini ya uangalizi wa daktari, si mionzi.

Kipimo chenyewe cha MRI hakiumi, ila kina kelele nyingi na huchukua nusu saa au zaidi mtu akiwa ametulia. Akina mama wa Kidatoga wavae bangili za shaba nyumbani, wazivue kabla ya kuingia: shaba haivutwi na sumaku, lakini huharibu picha na inaweza kupata moto. Aliyewekewa betri ya moyo, au mwenye kipande cha chuma mwilini, amwambie mhudumu mapema.

MRI nchini bado ni chache na zimejikusanya kwenye hospitali kubwa, kama Muhimbili na Benjamin Mkapa ya Dodoma. Mgonjwa wa Manyara hastahili picha hafifu kuliko ya mgonjwa wa mjini, na wanaopanga bajeti za afya wanapaswa kulisikia hilo.

Wakati huohuo, mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, aende kupimwa wiki hii, asingoje maumivu. Na atakayepewa rufaa abebe majibu ya kipimo cha nyama pamoja na CD ya picha zake zote, na kabla ya mionzi kuanza amuulize daktari: je, nahitaji MRI?