KAZI YA MUUGUZI KWA WAGONJWA WA SARATANI YA OVARI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Niliombwa niseme juu ya kazi ya muuguzi katika wodi ya saratani, na hasa saratani ya ovari. Nitasema kwa maneno mepesi, kwa kuwa waliomo humu si wauguzi peke yao. Wamo wafagiaji, madobi, wapishi na makarani, na jambo hili lawagusa wote.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Ovari ni viungo viwili vidogo vilivyo kando ya mji wa mimba, navyo hutunza mayai ya uzazi. Saratani ikianza hapo haipigi kelele. Tumbo hujaa, mama hushiba baada ya vijiko vichache, nyonga humwuma, naye huenda haja ndogo mara kwa mara. Haya ni mambo ya kila siku, kwa hiyo mama hunywa dawa ya minyoo au ya vidonda vya tumbo, na miezi hupita. Wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea.

Wako wanaodhani kwamba kipimo cha mlango wa uzazi kitaiona saratani hii. La, hicho ni cha saratani nyingine. Huko Uingereza wanawake zaidi ya 200,000 waligawanywa katika makundi: wengine walipimwa damu kila mwaka, wengine walipigwa picha, wengine hawakupimwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa kupima huko hakukupunguza vifo. Basi kwa wanawake wasio na dalili hakuna kipimo cha kutegemea. Silaha iliyobaki ni sikio. Mama akisema kwamba tumbo lake limejaa karibu kila siku kwa majuma mawili au matatu, asirudishwe nyumbani na vidonge tu. Na anayemsikia kwanza, mara nyingi, ni muuguzi.

Sasa nije kwenye matibabu. Kwa desturi mgonjwa hupasuliwa, kisha hupewa dawa mbili kwa dripu, kaboplatini na paklitakseli, mara sita, kila baada ya majuma matatu. Wengine huanza na dawa ndipo wapasuliwe. Daktari huandika, mfamasia huchanganya, lakini anayekaa na mgonjwa dawa inapoingia mwilini ni muuguzi.

Kabla ya dripu, muuguzi humpima mama uzito, hutazama majibu ya damu na ya figo, na kuhakikisha kwamba amepewa dawa za kuzuia mzio. Paklitakseli ikimkataa mtu, humkataa upesi, mara nyingi katika dakika kumi za kwanza: uso huwa mwekundu, kifua hubana, presha huanguka. Hapo muuguzi hufunga dripu mara moja, huita daktari, na kutoa oksijeni. Kaboplatini ina tabia nyingine: yaweza kukubali mara sita na kumkataa mgonjwa mara ya saba au ya nane, aliporudia matibabu. Muuguzi anayejua hayo hapotezi dakika. Lakini muuguzi mwenye wagonjwa wengi kupita kiasi, wawili wakianza dripu pamoja na wa tatu akitapika, macho yake ni mawili tu.

Kazi haiishi dripu inapoisha. Siku chache baadaye chembe nyeupe za damu hupungua, na mwili hukosa walinzi. Mama lazima aambiwe, tena kwa lugha anayoielewa: homa ikifika nyuzi 38, njoo hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku; usinywe dawa ya homa ukalala. Maneno hayo machache yameokoa watu.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mgonjwa wa saratani, ndugu zangu, lazima aulizwe. Ataona haya kusema kwamba vidole vina ganzi na hawezi kufunga vifungo. Kwamba tangu ovari zitolewe mwili unamwaka joto usiku. Kwamba ana hamu ya mtoto na hajui kama atapata. Ataficha maumivu akidhani ndiyo stahili yake, na kumbe iko mofini ya kunywa. Tena ataficha hofu ya kufukuzwa kazi. Na aambiwe kwamba Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka 2012 imekataza mtu kuachishwa kazi kwa sababu tu ana saratani. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mgonjwa angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Hesabuni wenyewe: upasuaji mmoja na dripu sita, kwa siku kumi na nne!

Mwisho, nasema juu yetu sisi. Dawa inayoua saratani haichagui mwili wa kudhuru. Yaweza kupita kwenye ngozi, na hutoka katika mkojo na matapishi ya mgonjwa kwa muda wa siku mbili hivi. Kwa hiyo anayefagia choo na dobi anayefua mashuka wamo hatarini sawa na muuguzi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Si zawadi, ni wajibu wake.

Natoa mashauri manne, nayo yaingizwe katika madai yetu ya mapatano mapya. Moja, idadi ya wagonjwa wa dripu kwa muuguzi mmoja iandikwe, isiachwe kwa bahati. Mbili, wauguzi wapelekwe kusomea kazi ya saratani kwa mshahara, na wakirudi wasihamishiwe wodi nyingine ovyo. Tatu, glovu na magauni yafaayo yatolewe kwa wauguzi, wafagiaji na madobi pia, na mwenye mimba apewe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara. Nne, likizo ya ugonjwa kwa mwanachama mwenye saratani iongezwe kupita kiasi cha sheria.

Wako watakaosema kwamba haya ni madai ya tumbo letu. Wajibuni hivi: yule mama aliye kwenye dripu anahitaji mtu wa kumtazama dakika kumi za kwanza. Tunalodai ni kwamba mtu huyo awepo, awe na ujuzi, na awe mzima.