Kamera ya Muda Iwe ya Muda Kweli

(Haya ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Chuno, Mtwara.)



Kila mwaka ifikapo Oktoba, korosho huanza kuteremka kutoka Newala na Tandahimba. Malori hupanga foleni, maghala hujaa, na jasho la maelfu ya wakulima hulala mahali pamoja likingoja mnada na meli. Msimu ukiisha ghala hubaki tupu. Mali ya namna hiyo huhitaji ulinzi mkali, lakini kwa miezi michache tu. Kuchimba mitaro na kulaza nyaya kwa ajili ya miezi hiyo ni gharama isiyo na maana.

Kwa haja kama hiyo umebuniwa mtandao wa kamera unaohamishika. Kamera hufungwa juu ya mlingoti pamoja na betri, kipande cha kunasa nguvu za jua na redio ndogo. Kila redio hupeleka picha zake, na papo hapo hupokea picha za jirani yake na kuzisogeza mbele, mpaka zifike kwa mlinzi. Anayefahamu utaratibu wa balozi wa nyumba kumi ataelewa upesi. Habari hutoka kwa jirani hadi kwa jirani mpaka kwa balozi, na jirani mmoja akiwa safarini, habari hupitia kwa mwingine. Ndivyo mtandao huu unavyofanya kazi. Redio moja ikizimika, zilizobaki hutafuta njia nyingine zenyewe.

Fikra hii ina umri mkubwa. Wataalamu wa Marekani waliijaribu kwa redio za kijeshi katika miaka ya 1970, na mwaka 2011 ulipitishwa utaratibu wa kimataifa unaowezesha vifaa vya kawaida kupokezana habari kwa njia hiyo.

Hata hivyo hapana budi kujihadhari na sifa za wauzaji. Redio yenye njia moja haiwezi kupokea na kupeleka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo katika kila kituo cha kupokezana, uwezo wake hupungua kwa karibu nusu. Picha iliyopita vituo vinne inaweza kufika imefifia au imekatikakatika. Majani ya mikorosho na mikoko huzuia mawimbi, chumvi ya pwani hula vyuma, na mawingu ya masika huziacha betri na njaa. Ofisi inayonunua kamera kumi bila kumwandaa fundi itakuwa imenunua milingoti kumi.

Lakini hayo ni mambo ya ufundi, na fundi anaweza kuyatatua. Liko jambo zito zaidi.

Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilitia saini mkataba na kampuni ya Safaricom wa kuweka kamera 1,800 katika Nairobi na Mombasa. Mradi ule ulikuwa mkubwa, ukahojiwa bungeni na kuandikwa magazetini. Kamera za muda hazina kelele hiyo. Huja ndani ya gari dogo, husimamishwa kabla ya adhuhuri, na mara nyingi hakuna anayeuliza ni za nani. Kwa sababu huitwa za muda, hazijadiliwi; na kwa kuwa hazikujadiliwa, hakuna anayekumbuka kuziondoa. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mtwara ina sababu ya kutaka ulinzi. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, kilivamiwa na watu wenye silaha waliotoka Cabo Delgado. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mpaka, ulishambuliwa. Asiyejali hayo hajali maisha ya wananchi. Lakini Ruvuma ni mto wenye ndugu kwenye kingo zote mbili. Jicho linalomnasa mhalifu humnasa pia mama anayevuka kwenda msibani. Mama huyo ana haki ya kujua ni nani anayemtazama na picha yake itakaa wapi.

Aidha, Mtwara ina kumbukumbu nyingine. Mei 2013 mji uliingia katika ghasia kwa sababu ya bomba la gesi, na maisha ya watu yakapotea. Hakuna kamera ambayo ingelijibu swali la wananchi wakati ule, maana waliuliza juu ya mali na mgawo wake. Kamera huonyesha nani amesimama barabarani. Haielezi kwa nini amesimama. Kiongozi anayetegemea jicho la kamera na kusahau kusikiliza ataona mengi na kuelewa machache.

Misingi ya sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inahifadhi maisha binafsi ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi maalumu na halali, wala zisihifadhiwe kupita haja. Wenye kuifanya sheria hiyo iwe na uhai ni watumishi wa ngazi ya kata na shule.

Kwa hiyo mtumishi anayeletewa ombi la kamera za muda na aulize mambo matatu: ni za nani, zinalinda nini, na zitaondoka lini. Majibu yabandikwe mahali ambapo mkulima na mwanafunzi watayasoma. Naye mwalimu awafundishe vijana namna redio hizi zinavyopokezana habari, ili wapatikane mafundi wa hapa hapa, na ili raia wa kesho asikiogope chombo asichokijua wala asikiabudu.

Na tarehe ya kuziondoa kamera iandikwe katika karatasi ile ile inayoruhusu kuziweka.