Debre Damo: Nyumba ya Watawa Ifikiwayo kwa Kamba



Katika jimbo la Tigray, kaskazini ya Ethiopia, nchi ambayo wazee wa pwani waliizoea kwa jina la Uhabeshi, ipo milima ya namna ya peke yake. Vilele vyake havikuchongoka kama kilele cha Mlima Kenya, bali ni bapa kama meza, na pande zake zimekatika wima kama ukuta. Wenyeji huuita mlima wa namna hiyo amba. Juu ya amba mmoja, karibu na mpaka wa Eritrea, mahali palipo zaidi ya futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, ipo nyumba ya watawa iitwayo Debre Damo. Asili yake ni ya karne ya sita. Hakuna ngazi ya kuifikia, wala njia ya miguu. Atakaye kuizuru hana budi kupanda kwa kamba.

Mgeni afikapo chini ya jabali huona mlango mdogo juu ya kichwa chake, na kutoka mlangoni huning'inia kamba nene ya ngozi iliyosukwa. Hiyo huishika mwenyewe kwa mikono yake. Kamba ya pili hufungwa kiunoni mwake, nayo hushikwa na mtawa aliye juu. Viatu huvuliwa, kwa maana unyayo mtupu hushika jiwe vema zaidi, na katika jabali mna vishimo vilivyolainika kwa nyayo za watu wa miaka mingi. Kimo chake ni kama futi 50, yaani kimo cha mnazi. Lakini mkwezi wa minazi anao mti wa kukumbatia, na hapa hakuna cha kukumbatia. Mtu huegemea nyuma hewani, akautazama ukuta, akainua mguu mmoja baada ya mwingine. Wengi mikono huwachoka katikati, na hapo ndipo mtawa wa juu huvuta kwa nguvu. Nafaka, kuni na vyombo vyote hupita njia hiyo hiyo.

Wanawake hawaruhusiwi kupanda. Desturi hiyo ni kali kiasi kwamba hata mnyama wa kike hapandishwi.

Mapokeo ya Kanisa la Ethiopia yasema kwamba nyumba hii ilianzishwa na Abuna Aregawi, mmoja wa wale Watakatifu Tisa waliofika nchini kutoka ng'ambo kueneza utawa. Alipouona mlima akakosa njia ya kuupanda, joka kubwa lilijiteremsha kutoka juu, likamviringa kiunoni na kumpandisha, huku Malaika Mikaeli akilinda kwa upanga lisimdhuru. Mapokeo yaendelea kusema kwamba Mfalme Gebre Meskel alijenga kanisa juu ya mlima, na ili kupandisha vifaa akatengeneza njia ya mteremko; kazi ilipokwisha, mtakatifu akaamuru njia hiyo ibomolewe. Habari ya joka ni ya imani. Ile ya njia iliyobomolewa yaelekea kukubalika na akili, kwani mtu atazamapo mawe na magogo yaliyo juu kule hujiuliza yalipandishwaje.

Kanisa lenyewe si kubwa, lakini wenye elimu ya majengo hulihesabu kuwa miongoni mwa makanisa ya kale kabisa yanayosimama hata leo katika Ethiopia. Kuta zake zimejengwa kwa safu za mawe na safu za boriti kwa zamu, na vichwa vya miti ya kufungia boriti hizo hutokeza nje ya ukuta. Huitwa vichwa vya nyani. Zile nguzo kubwa za Aksum, ambazo kila moja ni jiwe moja, zimechongwa kwa mfano huo huo: fundi aliigiza katika jiwe milango, madirisha na vichwa vya miti vya majumba ya wakati wake. Majumba yale yameanguka zamani, na miti yake imeoza. Juu ya Damo ujenzi wa namna ile waweza kuonekana na kuguswa kwa mkono. Ndani, dari imepambwa kwa vibao vilivyochongwa wanyama: simba, tembo, paa na wengineo.

Isidhaniwe kwamba jabali peke yake limetosha kulihifadhi. Kufikia miaka ya 1940 jengo lilikuwa limechakaa sana, na mwaka 1948 Mwingereza D. H. Matthews, mjuzi wa ujenzi, alianza kazi ya kulitengeneza. Kabla ya hapo Mwitaliano Antonio Mordini alipata habari ya sarafu za dhahabu zaidi ya 100 zilizopatikana mlimani, nazo zilikuwa za wafalme wa Kushana, waliotawala kaskazini ya India. Dhahabu ya India yafanya nini juu ya mlima wa Tigray? Jibu ni biashara ya Bahari ya Shamu, iliyopitia bandari ya kale ya Adulis.

Amba huo ulikuwa pia kimbilio. Mfalme Lebna Dengel, baada ya kushindwa mara nyingi na majeshi ya Imam Ahmad, alifariki huko Damo mwaka 1540. Malkia wake, Seble Wongel, alikuwa amekimbilia juu ya mlima, na adui hakuweza kumfikia. Wasemao kwamba hakuna mwanamke aliyepata kukaa juu ya Damo wamemsahau huyo. Mwaka 1541 Wareno wapatao 400 waliingia nchini kuwasaidia Wahabeshi, wakatuma watu kumteremsha malkia. Mkuu wao alikuwa Cristóvão da Gama, mwana wa yule Vasco da Gama aliyetia nanga Malindi mwaka 1498.

Lakini jabali lililozuia farasi na mikuki halizuii mizinga. Vita vilizuka Tigray mwezi wa Novemba 2020 mpaka vilipokomeshwa kwa mapatano ya Pretoria ya Novemba 2022, na katika muda huo habari zilienea kwamba Debre Damo ilipigwa mizinga na kuporwa. Mlimani mna vitabu vya ngozi vilivyoandikwa kwa mkono, na kila kitabu kipoteacho hakina wa pili wake.

Sikukuu ya Abuna Aregawi huangukia mwezi wa Oktoba, mvua kubwa zikiisha. Mahujaji huja kwa wingi, wengine kwa miguu kutoka mbali. Wanaume hungoja zamu ya kamba, mmoja mmoja, na wanawake husali chini ya jabali, nyuso zao zikielekea juu.