Kudai Hesabu Wakati wa Vita: Kesi ya Admirali Byng



Mada tuliyopangiwa ni haki ya wananchi kuwadai hesabu wakuu wao wakati wa vita. Tumependa kuitazama kwa mfano wa watu wa mbali, yaani Waingereza na jeshi lao la majini, kwa sababu kumbukumbu za kesi zao zimehifadhiwa, na pia kwa sababu hakuna kati yetu atakayenung'unika kwamba ameguswa ndugu yake au chama chake. Tena kamanda wa baharini ana shida ya pekee. Katika zama za matanga, admirali akishang'oa nanga, barua yake ilichukua wiki kadhaa kufika nyumbani. Aliamua kwa upepo aliopewa, katika muda wa saa moja au mbili, huku mizinga ikinguruma. Waliobaki mjini walikuwa na miezi mizima ya kuuchambua uamuzi huo, wameketi.

Mwaka 1756 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikiingia katika Vita ya Miaka Saba. Kisiwa cha Minorca, katika bahari ya Mediteranea, kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Habari kwamba Wafaransa wanakusanya majeshi huko Toulon ziliifikia London mapema, lakini serikali ya Duke wa Newcastle ilihofia zaidi kuvamiwa kwa Uingereza yenyewe, ikazibakiza manowari nyingi nyumbani. Hatimaye, mwezi Aprili, ilimtuma Admirali John Byng na manowari 10. Mabaharia wake hawakutosha. Hata askari wa kimanowari waliozoea kupigana melini waliteremshwa, ili ipatikane nafasi ya askari wa nchi kavu waliokusudiwa kuitia nguvu ngome ya kisiwa. Byng alipofika Gibraltar tarehe 2 Mei, aliambiwa kwamba Wafaransa wamekwisha kutua Minorca na wanaizingira ngome ya St Philip, iliyokuwa chini ya Jenerali Blakeney, mzee aliyepita miaka 80.

Mapigano yalitokea tarehe 20 Mei. Kila upande ulipanga safu ya manowari 12. Kwa kuwa mizinga ilikaa ubavuni, desturi ilitaka manowari zifuatane moja nyuma ya nyingine, na kuivunja safu lilikuwa jambo zito. Byng alimwendea adui kwa mshazari, hata manowari zake za mbele zikafika kwanza na kupigwa vibaya, ilhali za nyuma, pamoja na yake mwenyewe, zilikuwa bado mbali. Moja ikavunjika mlingoti, ikazizuia zilizoifuata. Nahodha wake alimshauri atoke katika safu amwendee adui moja kwa moja. Byng alikataa, akamkumbusha yaliyompata Admirali Mathews.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Mwaka 1744, mbele ya Toulon, Mathews aliiacha safu akamshambulia adui, na msaidizi wake Lestock akabaki nyuma bila kumsaidia. Bunge likalipeleleza jambo hilo, mahakama za kijeshi zikaundwa, na mwisho wake ukawashangaza wengi: Lestock aliachiliwa, Mathews akafukuzwa jeshini mwaka 1747. Miongoni mwa waliokaa katika mahakama iliyomhukumu Mathews alikuwa Byng huyuhuyu. Basi siku ya mapigano yake mwenyewe hakumwona Mfaransa peke yake mbele yake. Aliiona na ile meza ya mahakama. Hukumu isiyo ya haki haimwishii aliyehukumiwa. Huwafundisha wengine kuogopa, tena huwafundisha kuogopa jambo lisilostahili.

Hatusemi kwamba Byng alifanya vema. Hakuna manowari iliyozama upande wowote, na bado tarehe 24 Mei aliitisha baraza la makamanda wake, wakakubaliana kurudi Gibraltar. Ngome ilivumilia zaidi ya mwezi mmoja baada ya yeye kuondoka, ndipo ikasalimu amri mwishoni mwa Juni. Kwa maoni yetu hilo ndilo shtaka zito kuliko yote. Waliozingirwa mle ndani, na jamaa zao nyumbani, walikuwa na haki kamili ya kuuliza: mbona alitugeuzia tanga mapema hivyo?

Lakini tazameni ni nani walioshika usukani wa kuuliza. Serikali iliipata kwanza taarifa ya admirali wa Kifaransa, na kwa taarifa hiyo ya adui ikamwondoa Byng kazini kabla ya kusoma barua yake. Barua yenyewe ilipofika, ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, London Gazette, ikiwa imekatwakatwa. Zile sehemu ambazo zingewafahamisha wananchi hali mbaya ya manowari zake, na hivyo kuwagusa mawaziri, ziliondolewa. Watu wakasoma barua ya mwoga. Miji mingi ikachoma sanamu zake. Alipofika Portsmouth alikamatwa, akafungwa Greenwich kungoja kesi. Hivyo ndivyo mtu anavyoangushiwa jumba bovu: si lazima kumzulia uongo, yatosha kuficha nusu ya maneno yake.

Hasira ile haikuwaponya mawaziri. Newcastle alijiuzulu mwezi Novemba mwaka huohuo. Lakini gurudumu lilikuwa limekwisha kuzunguka. Mahakama ya kijeshi ilikaa melini huko Portsmouth, kuanzia mwisho wa Desemba 1756 hadi tarehe 27 Januari 1757. Waamuzi walikuwa 13, wote maofisa wa majini. Walimwondolea shtaka la woga na la kukosa utii, wakamwona ana hatia kwa kifungu cha 12 cha sheria ya vita, kwamba hakufanya yote aliyoweza. Kifungu hicho kilikuwa kimekazwa mwaka 1749, baada ya malalamiko kwamba mahakama za majini zilikuwa laini kwa wakubwa. Tangu hapo waamuzi hawakubakiziwa adhabu nyingine ila kifo. Wakahukumu kifo, na papo hapo wakaomba kwa kauli moja asiuawe.

Katika kesi hii yote, tunavutwa zaidi na wale 13. Walikuwa watu wa kazi ileile, waliojua upepo ni nini na safu ni nini, na sheria iliyotungwa ili wasiwapendelee wakubwa ikawazuia kupima uzito wa kosa. William Pitt, waziri mpya, alimwombea Byng kwa Mfalme George wa Pili, asisikilizwe. Baadhi ya waamuzi wakataka wafunguliwe kiapo chao cha siri ili waeleze mioyo yao. Bunge la Makabwela likapitisha muswada wa kuwaruhusu, Bunge la Mabwanyenye likaukataa. Admirali Forbes, mmoja wa wakuu wa Wizara ya Majini, alikataa kutia sahihi hati ya kumwua. Wenzake walitia. Tarehe 14 Machi 1757, juu ya sitaha ya manowari Monarch, Byng alipiga magoti juu ya mto, akaangusha kitambaa chake kuwa ishara, akapigwa risasi.

Mwezi uliofuata ndipo Bunge lilipoanza kuchunguza jinsi mawaziri walivyoiandaa ile safari. Halikuwaona na hatia. Angalieni mpangilio huo: aliyetumwa alihojiwa kwanza, akafa, waliomtuma walihojiwa baadaye. Ile sheria ya kifo pekee ililegezwa mwaka 1779, waamuzi wakapewa nafasi ya kutoa adhabu nyingine.

Mtatuuliza kama mambo hayo hayakwisha na matanga. La hasha. Redio ilipokuja, macho ya wanasiasa yaliifuata manowari hadi katikati ya mapigano. Tarehe 27 Novemba 1940 Admirali Somerville alikuwa akilinda msafara wa meli za shehena katika Mediteranea, akakutana na manowari za Italia karibu na kisiwa cha Sardinia. Waitalia walirudi nyuma baada ya mapigano ya saa moja hivi. Somerville hakuwafuata hadi pwani yao, kwa sababu kazi aliyopewa ilikuwa msafara, nao ulifika salama. Huko London Waziri Mkuu Churchill na Wizara ya Majini walitaka ushindi. Tume ya uchunguzi, chini ya Admirali Lord Cork, iliteuliwa kabla taarifa yake haijasomwa. Tofauti na siku za Byng ni kwamba tume ile ilimsikiliza kweli, ikaona kwamba alifanya sawa, naye akarudi kazini.

Somerville huyo wazee wa Mombasa walimfahamu. Mwezi Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon, wakazamisha manowari kadhaa za Kiingereza pamoja na Hermes iliyobeba ndege, yeye aliepuka kupambana nao mchana, na zile manowari zake kuukuu akazihamishia Kilindini. Wapo waliomlaumu. Lakini angeziingiza vitani siku ile ili kuwaridhisha watu wa London, yamkini zingezama na maelfu ya mabaharia.

Mwenzake hakubahatika hivyo. Admirali Dudley North alikuwa mkuu wa kituo cha Gibraltar mwezi Septemba 1940, manowari za Kifaransa zilipopita katika mlango ule wa bahari bila kuzuiwa. Amri za wizara hazikuwa wazi kwake kwamba alipaswa kuzizuia. Aliondolewa kazini pasipo uchunguzi wowote. Aliomba ashtakiwe, akanyimwa. Fikirini, ndugu zetu, mtu anaomba apelekwe mahakamani na serikali inakataa, kwa kuwa kesi ingelazimu amri zenyewe zisomwe hadharani. Mwaka 1953 maadmirali watano wa cheo cha juu kabisa walimwombea uchunguzi. Mwezi Mei 1957, miaka 200 baada ya kifo cha Byng, Waziri Mkuu Macmillan alisimama Bungeni akatamka kwamba North hakuzembea wajibu wake. Alikuwa na miaka 75. Cheo hakurudishiwa.

Nao ukoo wa Byng uliendelea kuomba. Mwaka 2007 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikataa kumsamehe.